Beji za kijeshi za kitambaa: zihifadhiwe vipi, na zipi zitundikwe ukutani?

Swali: Nina beji za kijeshi za kitambaa zipatazo mia nne. Nyingi nimezinunua au kubadilishana na wenzangu, na kama sitini hivi nimezirithi kwa marehemu baba yangu mdogo aliyekuwa askari. Baadhi zimo katika albamu za picha zenye kurasa za gundi, nyingine katika mifuko ya plastiki, na zilizobaki zimerundikwa katika mkebe wa bati. Ningependa zipambe ukuta wa sebule unaotazamana na dirisha kubwa. Mmoja amenishauri nizibandike kwa gundi kwenye ubao, mwingine nizishone zote kwenye kitambaa kimoja kikubwa. Nifuate lipi? Je, nizifue kwanza? Na zile za nyuzi za fedha zilizoanza kuwa nyeusi, nizisugue?

Jibu: Usizibandike, usizifue na usizisugue. Kuzishona kwenye kitambaa kimoja ni wazo lenye nafuu kuliko gundi, lakini nalo lina kasoro ambayo nitaieleza mbele. Hata hivyo, kabla ya kufika ukutani kuna jambo la haraka zaidi katika maelezo yako, nalo ni zile albamu za kurasa za gundi. Ukuta unaweza kusubiri mwaka mzima bila hasara yoyote, ila albamu hizo haziwezi.

Gundi iliyopakwa kwenye kurasa za aina hiyo haitulii. Kadiri miaka inavyopita hugeuka rangi ya manjano, hupenya katika nyuzi za mgongo wa beji na hatimaye hushika kwa nguvu kiasi kwamba ukivuta kwa vidole utang'oa nyuzi, au beji itatoka na kipande cha karatasi kimeganda nyuma yake. Plastiki angavu inayofunika kurasa za albamu nyingi za zamani ni PVC, ambayo inapochakaa hutoa hewa yenye asidi pamoja na vilainishi vilivyotiwa kiwandani ili iwe laini. Kwa hiyo beji yako imebanwa kati ya adui wawili, mmoja mgongoni na mwingine usoni.

Kuzitoa kunahitaji utulivu. Laza albamu mezani, funua plastiki polepole kwa kuikunja kinyumenyume badala ya kuivuta kwenda juu, kisha chukua uzi wa kusafishia meno usiotiwa nta wala ladha. Ushike ncha zote mbili, upitishe chini ya ukingo wa beji, halafu uusogeze kushoto na kulia kama anayekata kwa msumeno, ukihakikisha unabana upande wa karatasi na si upande wa beji. Ni afadhali karatasi ichanike kuliko uzi wa tarizi. Beji ikigoma, tia ukurasa katika mfuko uliofungwa vizuri, uweke ndani ya friza kwa dakika chache ili gundi ikakamae, kisha jaribu tena. Ikiendelea kugoma, kata karatasi kuizunguka beji na uiache hivyo hivyo mpaka umpate mtaalamu wa kuhifadhi nguo za kale. Usitumie petroli, asetoni wala kikausha nywele. Joto huyeyusha gundi ikazama ndani zaidi ya nyuzi, na vimiminika hivyo huweza kuyeyusha rangi pamoja na ile plastiki nyembamba ambayo baadhi ya beji za miongo ya karibuni zimepakwa mgongoni. Beji zilizotoka na mabaki ya gundi zilaze juu ya karatasi yenye silikoni, ile isiyoshika unga wakati wa kuoka, ili zisigandie kitu kingine.

Tuje kwenye mifuko. Plastiki salama kwa nguo za kale ni tatu: polipropilini, polithini na poliesta isiyopakwa kitu. Isiyofaa kabisa ni PVC, na utaitambua mara nyingi kwa harufu yake kali, kwa ulaini wake, na kwa kunata kunakotokea ikikaa kwa muda mrefu. Wakusanyaji wengi hutumia kurasa za polipropilini zenye mifuko midogo tisa, zilizotengenezwa kwa ajili ya kadi za wachezaji, na kwa beji bapa za kawaida zinafaa sana kwa sababu unaona pande zote mbili bila kuigusa beji. Tatizo huwa kwenye faili lenyewe. Mtu anajali kurasa zake, kisha anazitia ndani ya faili lenye jalada la PVC, na harufu ile ile inarudi kupitia mlango wa nyuma. Chagua faili lenye jalada la polipropilini au la kitambaa, usilijaze hadi kurasa zibanane, na ulilaze badala ya kulisimamisha, kwa sababu beji nzito zikisimama huteremka chini ya mfuko na kujikunja pembe. Usiizibe mifuko kabisa pia. Unyevunyevu ukinaswa ndani hauna pa kutokea.

Kabla ya kuziingiza katika kurasa hizo, zitenganishe kwa malighafi. Kazi hii huonekana ya kuchosha, ila ndiyo inayoamua mambo mengine yote, kwa maana beji za kijeshi hazikutengenezwa kwa kitu kimoja. Divisheni ya 81 ya jeshi la Marekani ilipovaa nembo yake ya paka-mwitu begani mwaka 1918, na divisheni nyingine za nchi hiyo zikaiga, nyingi zilikuwa za sufu au felti (kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa) iliyokatwa na kushonewa kwa tabaka. Kufikia Vita Kuu ya Pili ya Dunia, beji za kawaida za jeshi la Marekani zilikuwa zikitariziwa kwa mashine kwa uzi wa pamba, wakati mafundi cherehani karibu na kambi za ng'ambo walikuwa wakishona za kwao kwa hariri, sufu na nyuzi za madini, kila mmoja kwa mtindo wake. Marubani wa vita hivyo walivaa pia nembo za ngozi iliyopakwa rangi. Katika miaka ya 1960 beji za rangi zilizofifishwa ili zisionekane kwa urahisi vitani zilienea wakati wa vita vya Vietnam, nyuzi za sintetiki zikazidi kushika nafasi ya pamba, na ukingo mnene ulioshonwa kwa kuzungusha uzi ukawa jambo la kawaida. Leo tuna beji zenye Velcro mgongoni, ule utepe wa kulabu na manyoya unaoshikana, na nyingine za mpira laini ambazo hazina hata uzi mmoja.

Sufu, felti, hariri na ngozi ni chakula cha wadudu. Pamba haiwavutii sana ikiwa safi, ila yenye doa la jasho au la chakula huliwa pia. Nyuzi za fedha na za shaba hushambuliwa na salfa, na sufu yenyewe ina salfa, kwa hiyo beji ya nyuzi za madini isilazwe ikigusana na beji za felti. Ile ya mpira laini mara nyingi ni PVC. Hiyo ikae peke yake kabisa, mbali na nyingine zote, kwa kuwa vilainishi vyake hutoka polepole na kuacha unyevu wa kunata kwenye chochote kilichoigusa. Za Velcro zina hatari ndogo ambayo watu huipuuza: upande wa kulabu hukamata nyuzi za beji jirani na kuzivuta mpaka zinafumuka. Dawa yake ni rahisi. Kata kipande cha ule upande mwingine wenye manyoya, ukibandike juu ya kulabu, na beji haitashika kitu tena.

Mkebe wa bati nao uuweke kando. Bati lisilopakwa rangi vizuri hupata kutu, na kuta zake hupoa haraka kuliko hewa iliyomo ndani, hivyo unyevunyevu hugeuka matone juu ya beji za ukingoni. Badala yake tafuta sanduku bapa la karatasi ngumu isiyo na asidi, au droo za chuma kilichopakwa rangi ya unga iliyookwa. Kama huna budi kutumia kabati la mbao, fahamu kwamba mwaloni hutoa mvuke wa asidi, na mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi hutoa fomaldehidi; tandika ndani ya droo karatasi ya alumini kisha juu yake karatasi isiyo na asidi. Beji zilale tabaka moja, zisizidi mbili, huku kila tabaka likitenganishwa na karatasi hiyo. Karatasi isiyo na asidi huuzwa kwa aina mbili, iliyoongezwa chokaa na isiyoongezwa. Ya kwanza inafaa kwa pamba, lakini sufu na hariri hazipendi chokaa, kwa hiyo kama hutaki kusumbuka kuchagua, nunua isiyoongezwa tu na uitumie kwa zote.

Hali ya hewa ya chumba unachoweka sanduku hilo ni muhimu kuliko bei ya sanduku lenyewe. Makumbusho mengi hulenga unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 45 na 55, na ukungu huanza kupata nafasi unapopita asilimia 65 hivi kwa muda. Si lazima ufikie kipimo cha makumbusho. Muhimu zaidi ni kisipande na kushuka ovyo. Darini kuna joto, chini ya ngazi kuna unyevunyevu, na ukuta wa nje wa nyumba hubadilika kila siku na jua na mvua. Kabati la katikati ya nyumba, katika chumba anachokaa mtu, hushinda vyote hivyo. Kipimo kidogo cha unyevu cha kuweka ndani ya droo ni ununuzi wa busara.

Kuhusu wadudu, anayekula beji si yule nondo mdogo wa rangi ya dhahabu anayepepea usiku, bali ni mabuu yake, ambayo hukimbia mwanga na kujificha katika mikunjo na chini ya felti. Mabuu ya mbawakavu wa mazulia hufanya kazi hiyo hiyo na huacha maganda yake yenye manyoya. Ukiona matundu madogo, nyuzi kama za utando, au unga wa chembechembe chini ya beji, amini kwamba tayari wamo. Usinyunyize dawa. Weka beji katika mfuko wa polithini, toa hewa kadiri uwezavyo, funga, kisha weka katika friza yenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, mpaka beji irudi katika joto la chumba. Maji yatagandamana nje ya mfuko na si juu ya nyuzi. Mimi huona ni vyema kila beji ya sufu inayoingia kutoka kwa mtu mwingine ipitie friza kabla ya kukutana na wenzake, hata kama inaonekana safi. Usigandishe zile za ngozi iliyopakwa rangi wala zenye shanga bila kumuuliza mtaalamu.

Naftalini iache. Mvuke wake unadhuru afya ya binadamu, harufu yake haitoki kwenye sufu, na huweza kulainisha plastiki. Vipande vya mwerezi navyo vimesifiwa kuliko vinavyostahili: mafuta yake yanaweza kutia madoa, na mabuu waliokwisha kuingia hawaondoki kwa sababu ya harufu. Kinachofukuza wadudu ni kuyafungua masanduku mara kwa mara na kuangalia. Mitego ya gundi kando ya kabati husaidia kukujulisha mapema, ingawa haimalizi tatizo.

Sasa kuhusu kufua. Beji iliyotariziwa ina rangi nyingi katika eneo dogo, na rangi nyekundu hasa za kabla ya miaka ya 1950 hutoka kwa maji na kuingia katika nyeupe iliyo karibu nayo, zikishaingia hazirudi. Zaidi ya hayo, kitambaa cha chini na uzi wa juu havinywei kwa kiasi sawa, kwa hiyo beji iliyokuwa bapa hukauka ikiwa imejikunja kama ganda. Wapo pia wanaozipiga pasi ili kuzinyoosha, na matokeo yake ni tarizi iliyolala chini na kung'aa mahali ambapo haikupaswa kung'aa. Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya manyoya, ukisukuma kuelekea mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi iliyowekwa kwenye nguvu ndogo kabisa na kufunikwa kwa wavu wa nailoni, ili uzi uliolegea usivutwe ndani. Zaidi ya hapo, iache beji jinsi ilivyo. Doa la jasho au alama ya sindano hudokeza kwamba mtu aliivaa, na wanunuzi wengi waliobobea huilipia.

Kufua kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwa macho. Mojawapo ya njia za kuitilia shaka beji inayodaiwa kuwa ya Vita Kuu ya Pili ni kuiangalia gizani kwa taa ya urujuanimno, kwa sababu nyuzi nyingi za sintetiki na nyuzi zilizotiwa ving'arisho baada ya vita hung'aa kwa weupe wa buluu, lakini pamba ya kale haifanyi hivyo. Sabuni za kisasa za unga zina ving'arisho hivyo hivyo. Ukiifua beji halisi ya mwaka 1943, itang'aa chini ya taa hiyo kama iliyoshonwa juzi, nawe utakuwa umeiharibia ushahidi wake mwenyewe.

Nyuzi za fedha zilizokuwa nyeusi zinakufanya utake kuchukua dawa ya kusafishia vijiko. Jizuie. Nyuzi hizo kwa kawaida ni utepe mwembamba sana wa madini uliozungushwa kwenye uzi wa pamba au hariri, mara nyingi ni shaba iliyopakwa fedha au dhahabu kwa unene mdogo mno. Kusugua mara moja kunaondoa weusi pamoja na fedha, na kinachobaki ni shaba. Dawa ya maji nayo huingia ndani ya uzi na haitoki. Unachoweza kufanya ni kuchelewesha weusi usizidi: funga beji hizo katika karatasi isiyo na asidi, ziweke katika sanduku lililo na kitambaa maalumu kinachonasa salfa, kile kinachotumika kwa vyombo vya fedha, kisiguse beji, na weka mbali nazo mikanda ya mpira, sufu na felti. Zishike kwa glavu za nitrili zisizo na unga, kwa maana chumvi ya vidole huacha alama za kudumu kwenye madini. Glavu za pamba si mbadala mzuri hapa, kwa sababu hukwama katika ncha za nyuzi.

Baada ya hayo ndipo tunapoweza kuzungumzia ukuta wako, na hapa sitakubembeleza: ukuta unaotazamana na dirisha kubwa ndio mbaya kuliko zote katika nyumba. Mwanga hufifisha rangi na kukatisha nyuzi, na madhara yake hujumlishwa. Saa mia za mwanga wa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwangaza) zina athari sawa na saa kumi za luksi 500, na rangi iliyopotea hairejei kwa kuiweka gizani baadaye. Makumbusho huziwekea nguo kikomo cha luksi 50, mwanga hafifu kiasi kwamba mgeni huhitaji muda macho yake yazoee, ilhali karibu na dirisha mchana unaweza kupata maelfu ya luksi. Kioo kinachozuia mionzi ya urujuanimno husaidia, na ninapendekeza ukinunue, ila usikifanye kisingizio: mwanga wa kawaida unaoonekana nao hufifisha. Chagua ukuta wa pembeni usiopigwa na jua saa yoyote, usio juu ya kitoa joto wala upande wa pili wa bafu, na utumie taa za LED zisizotoa joto ndani ya fremu.

Pia achana na nia ya kuonyesha zote. Mia nne ukutani hazitazamwi na mtu. Macho hupita juu yake kama juu ya zulia. Chagua thelathini au arubaini zenye kisa kimoja, kwa mfano kikosi kimoja kupitia miongo kadhaa, au namna nembo moja ilivyoshonwa na mafundi tofauti, kisha zibadilishe kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa utaratibu huo kila beji hupata mapumziko marefu gizani, na wageni wako huona kitu kipya. Kwa beji ya pekee sana, au yenye rangi zilizokwisha anza kufifia, tundika picha yake iliyochapishwa kwa ukubwa wake halisi na halisi yenyewe ibaki katika droo. Skana ya kawaida inatosha kwa beji bapa. Zenye nyuzi za madini zipigwe picha tu, kwani kifuniko cha skana huziminya.

Hapo ndipo kasoro ya kitambaa kimoja kikubwa inapojitokeza. Ukizishona zote pamoja, huwezi kuipumzisha mojawapo bila kufumua, uzito wa zilizo chini huvuta kitambaa na kukunja zilizo juu, na mdudu akiingia kwenye moja ya felti, amekaribishwa kwenye karamu. Kushona kwenyewe hakuna tatizo, mradi ushone beji chache kwenye ubao mdogo unaoweza kutolewa katika fremu.

Ninavyoshauri kifanyike ni hivi. Chukua ubao wa karatasi ngumu isiyo na asidi, uuvike kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi ambacho umekifua mara mbili bila kilainishi cha nguo, ukivute nyuma na kukikaza kwa uzi unaokwenda kushoto na kulia kama kamba za kiatu, bila gundi. Panga beji juu yake mpaka uridhike. Tumia sindano nyembamba iliyopinda na uzi mwembamba wa pamba au poliesta wenye rangi inayokaribiana na ukingo. Sindano ipite katikati ya nyuzi za ukingo, isitoboe uzi wenyewe, na kama beji iliwahi kushonwa kwenye sare, itumie matundu yale yale ya zamani. Kwa beji ya upana wa sentimita saba, mishono minne hadi sita iliyogawanywa kuizunguka inatosha. Ya felti nzito iongezee miwili upande wa juu. Usikaze. Mshono unapaswa kuishikilia beji isianguke, usiache shimo dogo linalozama kwenye ukingo. Siku ya kuitoa, unakata mishono hiyo kwa mkasi mdogo kutoka nyuma ya ubao na beji inatoka kama ilivyoingia.

Ambaye hapendi sindano anaweza kutumia pembe za poliesta angavu zilizoshonwa kwenye ubao, ambazo beji huchomekwa ndani yake kama picha katika albamu za kale, au pini nyembamba za chuma kisichoshika kutu, zile za kupangia wadudu wa maonyesho, zikipitishwa kando ya ukingo na si kupitia katikati. Mkanda wa gundi wa pande mbili, gundi ya moto na pini za stepla viwe marufuku. Ubao wa Velcro, ambao wenye beji za kisasa huupenda, haudhuru beji zilizotengenezwa hivyo tangu mwanzo, ila usizibandike wala kuzishonea Velcro beji ambazo hazikuwa nayo.

Fremu iwe na kina. Kati ya beji na kioo pabaki nafasi isiyopungua milimita sita, ili unyevunyevu ukigandamana kwenye kioo usifikie nyuzi, na tarizi ya madini isiminywe. Akriliki, plastiki angavu inayotumika badala ya kioo, ni nyepesi na haivunjiki kwa urahisi, lakini huvuta nyuzi zilizolegea kwa umeme tuli. Kwa beji zilizochakaa tumia kioo. Sifongo la poliurethani linalouzwa kwa kutandika masanduku lisiingie humo, kwa kuwa huoza na kuwa unga wa kunata.

Mgongo wa beji unastahili heshima kuliko unayopewa. Wenye ujuzi huugeuza kwanza na kutazama rangi ya uzi wa chini, jinsi ulivyovushwa kutoka herufi moja hadi nyingine, karatasi ya kiwandani iliyobaki, na mabaki ya uzi wa sare. Ndiyo maana usikate vipande vya uzi vinavyoning'inia hata vikikuudhi. Piga picha mbele na nyuma pamoja na rula, andika namba kwa penseli kwenye lebo ya karatasi isiyo na asidi inayokaa kando ya beji, kamwe si juu ya beji, na kwenye daftari uandike umeipata wapi, lini, kwa nani na kwa kiasi gani. Nakala ya daftari hilo ikae nje ya nyumba. Itakufaa pia kwa bima.

Jambo moja la sheria kwa kifupi. Baadhi ya nchi zinakataza raia kuwa na nembo za sare za jeshi linalotumika sasa, na Ujerumani, kupitia kifungu cha 86a cha sheria yake ya jinai, inakataza kuonyesha hadharani alama za Kinazi isipokuwa kwa madhumuni kama ya elimu, sanaa na utafiti. Uliza sheria ya mahali ulipo kabla ya kutundika, na kabla ya kutuma picha au beji nje ya mipaka.

Zile sitini za marehemu baba yako mdogo usizichanganye na nyingine, hata kama mpangilio wako wa vikosi unadai hivyo. Beji ya kawaida kabisa ambayo inajulikana ilivaliwa na nani, wapi na lini ina uzito kuliko beji adimu isiyo na mwenyewe, na uhusiano huo ukivunjwa mara moja haurudishiki kwa ujuzi wowote. Zipe sanduku lao na mfululizo wao wa namba. Kama kuna picha yake akiwa amevaa sare, itafute beji iliyoonekana begani mwake, ilinganishe na zilizopo, na uandike matokeo katika daftari hata kama hayakupendeza. Picha halisi na barua zake zikae katika bahasha za karatasi isiyo na asidi ndani ya sanduku hilo hilo lakini zisigusane na beji, na kwenye fremu utumie nakala zake tu. Wakubwa katika familia wanaomkumbuka waulizwe sasa, kila mmoja akiwa na beji hizo mbele yake mezani, na maneno yao yaandikwe kama walivyoyasema pamoja na jina la msemaji na tarehe.